Bi Mwasiti na Ukuta wa Chuo

Mikono ya Bi Mwasiti binti Shaibu ilinitia kinyaa tangu nikiwa mtoto, na sioni sababu ya kulificha jambo hilo. Ilikuwa imeliwa na chokaa. Ngozi ya vidole imebabuka, nyeupe huku, nyekundu kule, kucha zimekatika mpaka nyamani. Akikupa kikombe cha maji, unatafuta pa kukishika. Mama yangu alituambia tusile kwake, nasi hatukula. Sisi tulikuwa watu wa nyumba ya mawe, ghorofa moja na mlango wa nakshi. Yeye alikuwa mchoma chokaa wa Mikindani, nyuma ya mikoko, mahali ambapo maji yakipwa hunuka kama mayai viza.

Kazi hiyo aliipata kwa bibi yake, Mwanakombo, aliyemlea. Alipanga magogo duara, akapandisha matumbawe juu yake, akatia moto, na tanuu likawaka kutwa. Mawe yakishaiva aliyaacha yanywe umande mpaka yapasuke yenyewe na kuwa unga, kisha unga ule aliutia shimoni na maji, ulale. Wachomaji wengine waliulaza siku saba. Yeye aliulaza miezi sita, na ukija kuomba kabla ya hapo alikufukuza, hata uwe nani.

"Chokaa changa ni kama mchumba wa kulazimishwa," alikuwa akisema. "Siku ya harusi hucheka, masika hukimbia."

Aliolewa mara mbili, mume wa kwanza alikufa, wa pili alikwenda Zanzibar kutafuta karafuu na hakurudi. Alizaa binti mmoja, binti akamwachia mjukuu wa kike, akafuata mume wake Lindi. Hayo ndiyo maisha yake mpaka mwaka uliofuata Azimio la Arusha. Mwaka huo, mwezi wa kumi, ardhi ilitetemeka.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Nilikuwa napepeta mchele, na mchele ukaanza kucheza kwenye ungo kabla sijautikisa. Nilidhani ni lori linapita. Kisha sahani zikashuka kutoka kabatini moja moja, kama watu wanaoteremka ngazi. Tulikimbilia uwanjani. Iliposimama, hakuna aliyekufa ila mbuzi wa jirani, lakini nyumba za mawe zilikuwa zimechanika. Iliyoumia kuliko zote ni chuo cha Kurani cha Maalimu Mohamedi. Ukuta wake wa upande wa uchochoro ulikuwa na ufa wa kutosha kupitisha mkono.

Serikali ilileta saruji kutoka mjini Mtwara, mifuko mizuri tu, na ikaundwa kamati ya ujenzi ya mtaa. Mwenyekiti wake alikuwa Mzee Thabiti, mwenye duka la mabati na misumari. Mtu huyu ningeweza kumsamehe mengi, lakini alikuwa na desturi ya kutema tambuu popote aliposimama, halafu kuyasugua mate kwa kiatu kana kwamba anakufanyia usafi. Mpaka leo nikiona doa jekundu kwenye sakafu, natafuta tambara.

Pamoja na saruji alikuja kijana mmoja, Gaudensi, Mmakonde wa upande wa Nanyamba, mtu wa kanisani, mpole, miwani imefungwa kwa uzi. Ofisi yake ilimtuma aandike kumbukumbu za wazee. Kulikuwa na tetemeko jingine zamani, Wajerumani wangali bomani, na wakubwa wa Gaudensi walitaka kujua mji ulivyojengwa upya safari ile, ili watu wasirudie makosa. Jambo la akili kabisa. Lilikuja kuharibiwa na sisi wenyewe.

Wazee walikutana kwenye baraza yangu, kwa kuwa ndiyo pana kuliko zote. Nilikuwa ndani nikichemsha kahawa na kusikiliza. Sijapata kusikia uongo mwingi namna ile mahali pamoja. Mmoja alieleza juu ya ng'ombe anayeibeba dunia, jinsi alivyochoka akaihamisha kutoka pembe hii kwenda pembe ile. Huyo angalau hakujisifu. Waliobaki, kila mmoja babu yake ndiye aliyeujenga mji.

"Babu yangu," akasema Mzee Thabiti, "aliuzuia ukuta wa msikiti kwa mgongo wake mwenyewe, tangu adhuhuri mpaka alasiri."

"Na swala ya adhuhuri aliiswali vipi, mzee?" mtu akauliza.

"Aliiswali amesimama. Mungu anajua udhuru wa mtu."

Wakacheka, wakala mikate ya kumimina niliyowapikia, wakatema tambuu kizingitini kwangu, wakaenda zao.

Gaudensi alibaki ameshika daftari lake kama mtu aliyeshika samaki aliyeoza, hajui pa kumtupa. "Bi Hamisa," akaniambia, "wazee wamenipa mashujaa kumi na wanne, lakini sijui bado jiwe la kwanza liliwekwaje. Wanawake walikuwa wapi?"

"Walikuwa kazini. Hao babu zao walikimbilia mashambani, wakarudi nyumba zimekwisha simama. Hilo hata mama yangu alilisema."

"Nani anaikumbuka kazi yenyewe?"

Nilimtajia Mwasiti. Lakini mwanamume mgeni kukaa na mwanamke asiye na mume nyuma ya mikoko, watu wangesema. Mimi nilikuwa nimesoma mpaka darasa la nne, katika zama ambazo msichana wa darasa la nne alitazamwa kama tembo, na mwandiko wangu ulikuwa mzuri kuliko wa karani. Gaudensi akanipa daftari, nikaenda mimi.

Nilimkuta Bi Mwasiti anakoroga shimo lake kwa mti mrefu.

"Shikamoo, Bi Mwasiti."

"Marahaba, binti wa nyumba ya mawe. Umepotea?"

"Nimetumwa kuandika habari za tetemeko la zamani."

"Unataka ya kweli au ya barazani?"

"Ya kweli."

"Basi kaa. Hapo pana majivu, vazi lako litachafuka."

"Nitafua."

Alinitazama kidogo, akaendelea kukoroga, na huku akikoroga akanieleza alivyoelezwa na bibi yake. Tetemeko lilipokwisha, wanawake hawakuziba nyufa. Walizifungua. Walitoa udongo na vifusi vya katikati ya ukuta, maana ukuta wa matumbawe una ngozi mbili, na katikati yake ni tumbo. Tumbo likishalowa halifai tena. Walianza upya kutoka chini. Kila kimo cha mkono mmoja walilaza boriti za mikoko ndani ya ukuta, kama mbavu, ili ardhi ikitikisika tena mawe yashikane. Wakishapanda mkono mmoja, waliacha.

"Waliacha mpaka lini?"

"Ukuta hunywa, ukuta hutoka jasho, ukuta hulala. Ukishalala ndipo unaupaka lipu. Mwaka mzima mji ulikaa uchi, mawe nje nje, na hakuna aliyeona haya. Ila mtu mmoja."

Hapo aliacha kukoroga.

"Huyo alikuwa na harusi ya binti yake. Wageni wanatoka Kilwa, wanatoka Lindi. Akaona aibu wageni waone nyufa. Ukuta bado unatoka jasho, yeye akaamuru upakwe, lipu laini kama ganda la yai. Nyumba ikang'aa, harusi ikafana, watu wakala. Masika ukuta ukavimba. Jasho halina pa kutokea. Wanawake walikuwa chini yake wanatwanga sakafu, watano. Ukawalalia. Mmoja alikuwa mama yangu. Mimi nilikuwa mgongoni kwa bibi, nje, kwa sababu nililia sana siku hiyo."

"Nyumba ya nani?" nikauliza, na nilikwisha anza kuogopa.

"Unaijua. Umezaliwa humo. Babu yako, Abdulrahmani."

Kwetu tuliambiwa ukuta ule uliangushwa na radi. Radi, kadhaa wa kadhaa, kudra ya Mungu. Niliandika yote aliyosema, nikamshukuru, nikaenda nyumbani. Nilipokuwa nanakili kwa mwandiko safi, nikafika kwenye ukurasa ule. Nikauchana. Nikautia jikoni chini ya sufuria, ukaivisha maharage. Mahali pake niliandika hivi: "Kuta zilijengwa upya kwa bidii na ushirikiano wa wananchi wote."

Sentensi hiyo niliitunga mwenyewe na hakuna aliyenilazimisha. Nimepata kuona mambo mengi ya kuchukiza maishani, choo kilichofurika, mzoga wa nyangumi Msimbati, lakini hakuna kilichonitia kinyaa kama uso wangu kwenye kioo siku ile. Na ile habari ya mbavu za boriti na ukuta kulala, niliiacha ikiwa imesimama peke yake bila ushahidi, kwa kuwa ushahidi wake ulikuwa vifo vya wale watano. Ukisoma, unaona ni desturi tu ya wazee.

Kamati ilisomewa. Mzee Thabiti akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Bidii na ushirikiano tunavyo," akasema. "Boriti hatuna, mikoko yetu ya hapa ni fito tu. Wakata mikoko wa mdomo wa Ruvuma wanaogopa risasi za Wareno ng'ambo, hawendi. Na hatuna muda wa ukuta kulala. Sikukuu ya Uhuru anakuja mgeni kutoka mkoani kukifungua chuo."

Wakachota mchanga ufukweni, wa chumvi, wakauchanganya na saruji, wakaubandika juu ya nyufa ndani na nje. Kwa siku mbili ukuta ukawa laini, mweupe, mzuri wa kupigwa picha. Watoto arobaini wakarudi kukaa chini yake na vibao vyao.

Mwezi wa kumi na moja mvua iliwahi. Ilinyesha siku tatu mfululizo. Ya nne ilipoanuka, Bi Mwasiti alikuja nyumbani kwangu. Hakuwa amewahi kuingia kwetu. Alisimama ukumbini, akatazama ukuta mmoja kwa muda, nami nikajua ndio ule, maana rangi yake haikulingana na ya wenzake.

"Nisomee nilichosema," akaniambia.

Nikaleta daftari, nikasoma. Nilisoma polepole, kama mtoto anayekaribia neno asilolijua.

"Na mama yangu umemweka wapi?"

"Ukurasa ulijaa, Bi Mwasiti."

"Ulijaa ushirikiano."

Nikalifunga daftari.

"Sikiliza, Hamisa. Sikukueleza habari za babu yako ili nikuaibishe. Aibu hiyo mlikuwa nayo kabla sijaota meno. Nilikueleza ili ukuta usipakwe. Nimepita chuoni sasa hivi, nimeuwekea kiganja. Umevimba. Mjukuu wangu anakaa hatua mbili kutoka hapo. Mkeka wenyewe wameutandika usawa wa ufa."

"Nitamwambia Mzee Thabiti."

"Utamwambia nini? Kwamba Mwasiti amesema? Nenda ukasome ulichokiacha."

"Nilikichoma."

"Basi una kichwa."

Ninacho, na hakijanitupa mpaka leo. Alasiri ile ile kamati ilikuwa inakaa chuoni kupanga mapokezi ya mgeni, watoto wakiwa pembeni wanasoma. Niliingia, nikaomba ruhusa, nikasimama. Kaka yangu mkubwa alikuwamo. Nilisema kila kitu kama kilivyosemwa tanuuni: harusi, lipu, masika, wanawake watano, jina la babu yetu mpaka la baba yake. Kaka yangu alivaa viatu vyake, akatoka. Alikaa miaka mitatu hajaniitikia salamu.

Mzee Thabiti alingoja nimalize. "Bi Hamisa, pole kwa babu yako," akasema. "Lakini hizo ni habari za chokaa. Hii ni simenti. Simenti ni mwamba."

"Mwamba juu ya uji," akasema Bi Mwasiti kutoka mlangoni.

"Wewe ungesema nini, bibi? Mtaa mzima sasa unataka simenti. Nani atanunua chokaa yako? Mchuuzi wa mkaa haupendi umeme."

Wakacheka. Nilitazama nyuso zao wakicheka, meno mekundu yote yale.

Bi Mwasiti alimgeukia Maalimu Mohamedi, mtu mkimya ambaye muda wote alikuwa anahesabu tasbihi. "Maalimu, watoe watoto uani. Kidogo tu. Kama nimekosea nitaulipa ukuta wenu kwa kuubandika upya mwenyewe."

Maalimu aliwatazama wanakamati, akamtazama yeye, akapiga makofi mara moja. Watoto wakatoka, mjukuu wa Bi Mwasiti wa mwisho kwa sababu alikuwa anatafuta kalamu yake ya mwanzi. Bibi yake akamvuta kwa sikio.

Kisha alitoa tindo na nyundo kwenye mkoba wa ukindu, akapiga kwenye ufa, si kwa nguvu, mara tatu. Kipande cha saruji kikabanduka kizima kama kifuniko cha chungu. Na ndani yake kukatoka kitu ambacho sijui nikiite nini. Kilitoka kama usaha wa jipu lililotumbuliwa. Udongo mweusi umeyeyuka, mavi ya popo ya miaka hamsini, mende weupe wasiowahi kuona jua, maji ya chumvi, na harufu, harufu ya mbuzi aliyelowa akafia kabatini. Kilimwagika kwenye mkeka. Kilimrukia Mzee Thabiti kwenye kanzu, akawa anajipangusa na kujipaka zaidi. Mjumbe mmoja alikimbilia dirishani kutapika. Bi Mwasiti alirudi nyuma hatua nne, akanivuta na mimi, na ule mkono wake ulinibana kwenye kiwiko.

"Ngojeni," akasema.

Tulingoja kama muda wa kusoma Fatiha. Halafu ngozi ya ndani ya ukuta, kimo cha mtu, ikateleza taratibu, bila kishindo, mawe yakifuatana, yakajaa juu ya mkeka wa watoto. Kijibao kimoja kilichosahauliwa kilikatika vipande viwili. Hakuna aliyekuwa akicheka.

Jambo la kwanza alilolisema Mzee Thabiti baada ya hapo, na nililisikia kwa masikio yangu, ni hili: "Sasa mgeni tutamwonyesha nini?"

Ukuta ulibomolewa wote mpaka msingi. Bi Mwasiti alikuwa na chokaa iliyolala shimoni, ya kutosha. Kilichokosekana ni boriti. Kamati ikarudia wimbo wa Wareno na mdomo wa Ruvuma, kwamba hakuna mkata mikoko atakayekwenda.

"Boriti zipo," Bi Mwasiti akasema. "Nalala chini yake."

Alizishusha kutoka kwenye paa la nyumba yake mwenyewe, boriti ngumu za zamani, bibi yake ndiye aliyeziweka. Mtu hakumzuia. Nataka hilo lijulikane: wanaume saba wa kamati walisimama pale, mmoja wao ana duka la mabati, na hakuna aliyesema bibi, acha. Mimi pia sikusema. Niliogopa zisipopatikana chuo kisisimame, na mimi nilikuwa na mjukuu wangu mle. Kamati iliahidi kumwezekea. Iliandikwa kwenye kumbukumbu za mkutano, kwa mwandiko wangu.

Tulijenga wanawake kumi na mmoja. Nilitwanga, nilibeba, mikono ikababuka, na usiniulize ilinuka nini. Gaudensi alikuja siku mbili za Jumapili baada ya misa, akavua shati, akabeba mawe, na akaandika tena kila kitu upya huku chokaa ikimdondokea kwenye miwani. Mkono mmoja, boriti, tunaacha. Mkono mmoja, boriti, tunaacha. Tuliufunika kwa makuti mvua ikija. Kila baada ya siku mbili Mzee Thabiti alituma mtu kuuliza kama ukuta unaweza kupakwa hata upande mmoja tu, ule wa nje.

"Mwambie na yeye aoge upande mmoja," Bi Mwasiti alijibu.

Sikukuu ya Uhuru ikafika, ukuta umesimama uchi. Mzee Thabiti aliusitiri kwa makuti mabichi na vitambaa vya kijani, kama mtu anayeficha mtoto mwenye ukurutu. Bi Mwasiti akaweka kigoda chake mbele ya ukuta, akakaa na fimbo, kwa sababu alijua mtu angeweza kuja na ndoo ya rangi wakati wowote. Mgeni wa mkoani alipopita, akauliza yule bibi ni nani.

"Ni mzee wetu wa mtaa tu, mheshimiwa," Mzee Thabiti akasema kwa sauti ya chini. "Akili zimemruka kidogo tangu tetemeko."

Nilikuwa nimeshika sinia la madafu. Nililiweka chini. "Mheshimiwa," nikasema, "zilizoruka ni za waliopaka ukuta mbichi. Huyu ndiye fundi. Watoto arobaini wangekuwa makaburini."

Mgeni alitabasamu kama watu wakubwa wanavyotabasamu, akasema, "Hongera, mama," kwangu, si kwake, akachukua dafu. Wakaendelea na msafara. Bi Mwasiti hakuinuka hata kidogo.

Aliupaka lipu mwezi wa saba wa mwaka uliofuata, kipupwe kinavuma. Kabla ya kuanza aliulazia kiganja kila mahali, kuanzia chini mpaka mkono ulipofika. Mzee Thabiti alikuja kutazama, akasema kazi nzuri, akatema tambuu pembeni ya msingi. Bi Mwasiti alichota chokaa kwa mwiko, akalifunika lile tambuu, akaendelea.

Paa lake halikuezekwa. Nilikwenda dukani mara tatu na nakala ya kumbukumbu za mkutano. Mara ya kwanza mabati hayajafika. Mara ya pili yamefika lakini yana mwenyewe. Mara ya tatu Mzee Thabiti aliniambia nisimsumbue mtu mwenye kisukari. Tulimwezekea makuti sisi wanawake, na makuti ya pwani huoza. Kila mwaka yalivuja, na kila mwaka kifua chake kilizidi. Nilimwambia ahamie kwangu, nyumba ina vyumba sita.

"Kwenu?" akasema. "Hapana, mwanangu. Kule mimi nina mama aliyelaliwa na ukuta."

Alikufa mwaka wa sabini na nne, mvua inanyesha, mjukuu wake akiwa amekwisha hitimu chuoni. Walipomtoa nilikuwa nimesimama mlangoni kwake pamoja na wanawake wengine, maji yanatudondokea kutoka juu. Mzee Thabiti, pamoja na kisukari chake, aliwahi mbele, akashika mguu wa jeneza wa kulia, ule unaoonekana na watu wote, na akamwambia jirani yake kwa sauti ya kusikika, "Bibi huyu tulijenga naye chuo."